Gari Langu Lina Mafundi Wawili Wasiosalimiana

Jamani naombeni nilalamike kidogo maana nyumbani hawanisikilizi tena. Nina gari. Yani mimi naliita gari, majirani hapa Tabata wanaliita kabati, mtoto wa mpangaji wa uani analiita banda, na seremala siku anakuja kuliona alizunguka mpaka nyuma akafungua ile milango miwili akaniuliza kwa heshima zote, "bosi, hii ilikuwa ya kubebea kuku?"

Ni Morris Minor Traveller ya 1964. Mwaka ambao Tanganyika na Zanzibar zinaungana huku, Waingereza kule walikuwa bado wanaunganisha mbao na bati wanauza kama gari, na hawakuacha mpaka 1971. Langu lilikuwa la meneja wa shamba la mkonge upande wa Pangani, likabaki chini ya mwembe miaka na miaka karibu na bahari, kwa hiyo kutu ilikula kutoka chini na mchwa wakala kutoka nyuma, nahisi walikuwa wamepanga wakutane kwenye gia.

Sasa watu wananiudhi na swali moja, "si uzing'oe tu hizo mbao upige bati?" Ndugu zangu, hizo mbao sio urembo! Kuanzia nyuma ya milango ya mbele kurudi mpaka kwenye buti, mbao ndo mifupa yenyewe. Zile paneli za pembeni ni alumini, zimeshikwa na mbao, na paa la nyuma limekalia mbao. Huko kwao, kabla magari ya umri huu hayajasamehewa ukaguzi wa kila mwaka mnamo 2018, gari hili likipelekwa kukaguliwa na mbao zimeoza lilikuwa linakataliwa barabarani kama gari lingine lililooza chini. Yani mkaguzi alitakiwa ajue breki na ajue ubao. Ukizing'oa hizi mbao unabaki na nusu gari la mbele lenye usukani, na nyuma unabaki na kumbukumbu.

Na chesisi, ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari, halina. Nimemleta fundi bodi kutoka mtaa wa Gerezani, mtu mzima, mzoefu, kaingia chini ya gari na tochi kakaa huko muda mrefu mpaka nikaanza kupata wasiwasi, kaja kutoka nywele zimejaa kutu kaniangalia kwa huruma: "mzee wangu, aliyekuuzia gari kakuibia chesisi." Nikamwambia fundi halikuwahi kuwa nayo, bodi na sakafu ndo zinajibeba zenyewe, akanijibu, "sawa mzee," kwa ile sauti anayojibiwa nayo mgonjwa wa malaria akianza kuongea vitu vyake.

Haya, matatizo yangu yanaanzia hapo. Gari la kawaida likiharibika unaita fundi mmoja, mnagombana, unamlipa, mnaachana kwa amani. Hili langu fundi wa Gerezani anasema mbao hazimhusu, niite seremala, na seremala kutoka Keko akija anagonga gonga na kifundo cha kidole, anachomeka patasi inazama mpaka kwenye mpini, anasema siwezi kufunga mbao mpya kwenye bati lililooza, mwite fundi bodi amalize kwanza. Fundi bodi anakuja anasema siwezi kuchomelea huku mbao ziko hapo zitashika moto, seremala azitoe. Seremala anasema nikizitoa gari litabonyea nitapima nini? Na wote wawili wanasema kweli, hilo ndo linaniumiza zaidi, maana mtu muongo unaweza kumfukuza.

Kwa sababu ukitafakari, mbao zile za zamani pamoja na kuoza kwake ndo ramani pekee tuliyonayo. Kona ya tairi la nyuma imepinda hivi, mlango umelalia hivi, reli ya yale madirisha ya kusukuma imechongwa ndani ya ubao. Ukitoa zote kwa mkupuo umbo linapotea na paa linashuka. Kwa hiyo inatakiwa utoe upande mmoja, uliegemeze paa na magongo, upime, uchonge, urudishe, ndo uhamie upande wa pili. Nimewaeleza wote wawili nikiwa na kalamu na karatasi. Fundi bodi akasema, "mwambie huyo wa Keko." Wa Keko amesimama hatua mbili kutoka kwake! Anasikia! Nikageuka nikamwambia, akasema, "mwambie nimesikia."

Ndo maisha yangu hayo. Mtu niliyesoma mpaka chuo nimekuwa mkalimani wa watu wawili wanaoongea Kiswahili.

Siku fundi bodi alipoamua kuchomelea tu bila kusubiri, akaanzia kwenye sakafu karibu na tairi la nyuma, cheche zikaingia kwenye ubao uliooza ambao ndani umekauka tayari kama kuni, moshi ukatoka, na majirani hawakushtuka hata kidogo walidhani tunapika. Nikamwaga ndoo ya maji. Seremala hakuwepo, ila habari zilimfikia Keko kabla moshi haujaisha, kapiga simu anacheka mpaka vocha ikamwishia.

Alafu alumini. Nilimwambia fundi, hizo paneli za pembeni usiguse, hiyo ni alumini, kwa mashine yako hii ya vijiti itatoboka. Akasema mzee bati ni bati. Sasa hivi ile paneli ya kulia ina tundu linaloweza kupitisha embe dodo, na maelezo yake ni kwamba "hii alumini ya Waingereza ina tabia mbaya." Na alumini hiyo hiyo ikigusana na chuma kwenye hewa ya chumvi wanaanza kuumizana wenyewe kwa wenyewe, unakuta unga mweupe upande huu na kutu nyekundu upande ule, kwa hiyo hata mafundi wakipatana, gari lenyewe ndani kwa ndani halijapatana.

Tuje kwenye mbao. Kiwandani walitumia mti wa kwao unaitwa ash, mgumu lakini unavumilia mtikisiko, wenzetu wanatengenezea mipini ya shoka na majembe. Kuna watu Uingereza wanauza seti nzima ya mbao hizo zimeshachongwa tayari, vipuri vingi vya gari hili bado vinatengenezwa vipya, hata Sri Lanka kuliwahi kuwa na kiwanda cha vipuri vya Morris Minor. Nikaulizia bei ya seti na usafiri mpaka Dar. Nikafunga simu nikaenda kunywa maji.

Kwa hiyo tunatumia za kwetu. Mimi nataka mninga, haupindi ovyo na mchwa hawaupendi. Seremala anataka mkongo maana anasema ni mgumu zaidi, nikamwambia fundi mkongo ni mzito, kigari chenyewe kina injini ya sisi 1098, tukikiwekea mkongo kote kitashindwa kupanda hata daraja la Tazara. Akasema basi mtiki, ule wa Muheza, unavumilia maji. Tukakaa kwenye mtiki na mninga wiki nzima, shemeji yangu naye akaja akasema tungeweka maplaiwudi tu tupake rangi ya ubao. Huyo shemeji nimempunguzia chai.

Afu wakati nadhani tumeelewana, nakuta seremala ana kopo la oili chafu anataka kupaka vipande vyote vya ndani. Kwa ajili ya mchwa, anasema, baba yangu alipaka nguzo za nyumba ziko mpaka leo. Najua zipo! Lakini ukishapaka oili chafu, vanishi haishiki, na hili gari bila vanishi jua la hapa linapasua mbao ndani ya msimu mmoja. Akaniangalia akasema, "bosi, unataka gari zuri au unataka gari la kudumu?" Mimi kwa gharama hizi nilidhani nanunua vyote.

Washauri wa bure sasa. Mzee jirani yangu, shikamoo yake naiheshimu, kila jioni anakuja na kiti chake. Anasema gari hili linamkumbusha zile daladala za chai maharage za Dar ya zamani, mnakaa mnatazamana njia nzima mpaka mnajuana kabila. Ni kumbukumbu nzuri, ila anaisimulia akiwa amekalia mlango wangu wa nyuma uliolazwa chini unakauka gundi.

Mke wangu yeye alinyamaza muda mrefu, na mwanamke akinyamaza jua anapiga hesabu. Siku akaniambia, baba Juma, kama lazima hili litakataka likae kwenye uwanja wangu wa kuanikia nguo, basi lipake zambarau mpauko angalau lifanane na maua. Alikuwa ananikejeli. Nikataka kumjibu kwa ukali kwamba hili ni gari la heshima, kabla sijafungua mdomo nikakumbuka kwamba Morris Minor ilikuwa gari la kwanza la Uingereza kufikisha milioni moja, mwishoni mwa 1960, na kusherehekea wakatoa mamia kadhaa ya magari ya rangi hiyo hiyo, zambarau mpauko na ndani viti vyeupe! Sikumwambia. Akijua kwamba kiwanda kizima kiliwahi kukubaliana naye, humu ndani hapatakalika.

Fundi umeme ndo sitaki hata kumzungumzia, nigusie tu. Gari hili waya wa chanya wa betri ndo unafungwa kwenye bodi, sio hasi kama magari yenu ya Kijapani. Kiwandani ndo walivyofanya. Fundi umeme kafungua boneti kashika kichwa, "nani mjinga kafunga hivi?" na spana tayari iko mkononi anageuza. Nilimshika mkono. Nikamwonyesha kitabu. Akasema kitabu kimechapwa kinyume.

Halafu nimegundua siwezi hata kumbishia mtu kwa hoja ya heshima ya mtengenezaji. Fundi bodi alivyoona sakafu imeisha kabisa akasema tulikate katikati tulete upya kila upande. Nikapandisha mori, nikamwambia fundi, gari la bwana Alec Issigonis, yule aliyekuja kutengeneza kile kigari cha Mini, linakatwaje katikati? Usiku nikakaa kusoma. Issigonis mwenyewe, kabla gari halijaonyeshwa London mwaka 1948, aliona ni jembamba, akaagiza gari la majaribio likatwe katikati kwa urefu, likaongezwa upana wa inchi 4! Ndo maana kwenye boneti kuna ule mstari bapa katikati. Sasa nitamwambia nini fundi wa Gerezani? Nimekificha kitabu.

Basi juzi yule mzee jirani akaongea jambo la maana kwa mara ya kwanza tangu aanze kunywa chai yangu. Akasema, wewe unahangaika na hawa, kwanini usilipeleke Unguja? Kule zile daladala za mbao bado zinatembea mpaka mashamba, mtu anachukua lori jipya kabisa anajenga bodi ya mbao juu yake, fundi anajua chuma na ubao vinavyokutana, ndo kazi yake ya kila siku. Nikaona mwanga. Nikaanza kuulizia nauli ya meli ya mizigo, nikapiga simu hapa na pale, na nikafanya kitu ambacho mwanaume mwenye akili asingefanya mbele ya fundi, nikaongea kwa sauti.

Jamani. Seremala kaweka randa chini. "Bosi, yani gari ambalo mimi nimelipima kwa mikono yangu unampelekea mtu wa madaladala?" Na kabla sijajibu, nyuma yangu nikasikia sauti ya fundi bodi, "hapana mzee, hapo kwa kweli umetukosea." Umetukosea! Tu! Watu ambao kwa miezi walikuwa wananitumia mimi kama simu ya mezani, leo wamesimama bega kwa bega, mmoja kashika grainda mwingine kashika msumeno, wananiangalia mimi ndo mwenye matatizo. Wakaomba wazungumze kidogo pembeni. Wakaenda chini ya mwarobaini, nikawaona wanacheka, seremala anamgonga mwenzie mgongoni, wakaagiza soda dukani.

Wakarudi. "Mzee," akaanza wa Gerezani, "tumekaa kama mafundi tumeelewana. Tutafanya upande mmoja mmoja, unaegemeza paa, unapima, unarudisha, ndo unahamia upande wa pili." Wazo langu! Na michoro yangu wameishika! "Ila sasa kwa vile ni kazi ya pamoja," akamalizia wa Keko, "bei nayo itabidi tuipange upya." Wakanitajia. Nikaomba wairudie, wakairudia kwa pamoja kama kwaya.

Na zile soda muuza duka kaziandika kwenye daftari kwa jina langu.