Ritifaa za papa ng'onda

Duka moja la Chake Chake limeniletea orodha ya bidhaa, kila moja imefungwa ndani ya ritifaa, yaani alama hii ', nichopoe yaliyo kati:

'pweza','papa ng'onda','nyama ya ng'ombe'

Wanaotumia rejeksi, yaani ruwaza za kutafutia maandishi, hapa wamegawika. Hakuna anayetetea '(.*)', ambapo nukta ni herufi yoyote, nyota ni kuirudia, na mabano huchopoa kilicho ndani, maana nyota ni mroho: hushika ritifaa ya mwanzo na haachi mpaka ya mwisho, ukaletewa mstari mzima. Ugomvi uko kati ya '(.*?)', ambapo alama ya kuuliza humfanya nyota mvivu, asimame mapema awezavyo, na '([^']*)', inayosema chukua chochote kisichokuwa ritifaa.

Mimi ni wa hii ya pili tangu zamani, na kwenye mabano sibanduki. Chukua mstari huu: Karafuu (Wete) kilo 42 (daraja la pili). Nataka bano la mwisho tu. (Mkwaju \ husema bano ni bano la kawaida, na $ ni mwisho wa mstari.) \(([^)]*)\)$ inanipa "daraja la pili". \((.*?)\)$ inanipa "Wete) kilo 42 (daraja la pili". Mvivu hana mpaka. Ukimwekea sharti mbele, huruka bano lolote mradi alifikie.

Lakini papa ng'onda amenishinda. Ritifaa kwetu si pambo, ni sehemu ya sauti ng'. Ruwaza zote mbili zilitoa kitu kimoja: "pweza", "papa ng", koma peke yake, kisha "ombe". Nani anauza ombe?

Hapo ndipo kasoro ya mvivu inapofaa. '(.*?)'(?=,|$) inataka ritifaa inayofuatwa na koma au mwisho wa mstari. Mvivu anaruka ritifaa ya ng'onda kama alivyoruka bano la Wete, na bidhaa zote tatu zinatoka nzima. Ruwaza yangu haiwezi, kwa kuwa imekatazwa kuvuka.

Bei yake ipo. Mwenye duka akisahau ritifaa moja, 'pweza,'kamba', mvivu anawaunganisha wawili kuwa bidhaa moja, wala halalamiki. (Simu nyingine huandika ritifaa iliyopinda, ambayo kwa ruwaza ni alama tofauti, hapo ng’onda hupona kwa bahati tu.)

Nimemwomba mwenye duka afunge kwa alama za kunukuu, "papa ng'onda", nirudi kwenye ruwaza yangu. Amesema daftari lina kurasa nyingi, labda baada ya Ramadhani.