A, D na G: Je, kibodi ya kompyuta ni kinanda?

Fungua GarageBand, programu ya muziki ya kompyuta za Apple, washa ile sehemu ya kupiga kwa herufi, kisha bonyeza A, D na G kwa pamoja. Utasikia do, mi na so, sauti ya furaha kabisa. Sasa kidole cha D kipeleke E bila kugusa vile vingine viwili: furaha yote imegeuka majonzi. Mstari wa kati wa herufi umekuwa vitufe vyeupe vya kinanda, na W, E, T, Y na U zimekuwa vyeusi. R iko kimya, na si kwamba imeharibika. Kati ya mi na fa hakuna kitufe cheusi, basi nayo haina kazi.

FL Studio, programu ya Wabelgiji iliyozoeleka kwa maprodyuza wengi wa mtaani, inapanga vingine: mstari wa Z ni oktavu ya chini, wa Q ni ya juu, na namba zinasaidia kwenye vyeusi. Wazo ni lilelile, kwamba mwenye kompyuta asishindwe kupiga noti eti kwa sababu hana kinanda.

Wapiga vinanda wa kwaya ninaowafahamu huliona jambo hili kama mchezo wa watoto. Vijana wa biti nao huwashangaa wanaonunua kinanda cha MIDI, kile cha kuchomeka kwenye kompyuta, wakati herufi zipo mezani na hazilipiwi. Kwangu mimi, herufi ni kalamu nzuri ya kuandikia muziki na chombo kibovu cha kuupigia, na sehemu kubwa ya ubovu huo imeletwa na tamaa ya kuigiza piano.

Tuanze na kidole. Tangu MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki na kompyuta huzungumza, ianze mwaka 1983, kila noti husafiri na namba ya nguvu iliyopigwa nayo, kuanzia 1 hadi 127. Kinanda hupima kasi ya kitufe kinavyoshuka na kutoa namba hiyo. Kibodi ya kompyuta inajua mambo mawili tu: herufi imebonyezwa, herufi imeachiwa. Uibembeleze au uipige ngumi, yote sawa. Watengenezaji wa GarageBand waliliona hilo, wakaipa C kazi ya kupunguza nguvu na V kazi ya kuongeza. Lakini hebu fikiria mpigaji anayelazimika kusimama katikati ya wimbo kubonyeza V kila anapotaka noti moja isikike zaidi ya mwenzake. Matokeo yake ni noti zilizolingana kama matofali, na baadaye prodyuza anakaa na kipanya kuzirekebisha moja baada ya nyingine.

Kuna ugonjwa wa pili, ambao wengi hudhani ni wa programu. Unabonyeza herufi tatu, zinasikika mbili. Mpakato wangu una mchanganyiko kadhaa wa namna hiyo, na nilishaifuta programu nzima na kuiweka upya kabla sijajua chanzo. Kibodi za kawaida haziiwekei kila herufi waya wake. Nyaya zimepangwa kama mistari ya bao, za kwenda na za kukatiza, na herufi ni pale zinapokutana. Ukibonyeza pembe tatu za mstatili, kompyuta haiwezi kujua kama pembe ya nne nayo imebonyezwa, kwa hiyo kibodi inaamua kunyamaza. Kwa mwandishi wa barua hilo halina neno, maana nani huandika herufi tatu kwa mpigo? Kibodi za wacheza gemu zina vidude vya kuzuia tatizo hilo, ila ukishafikia kununua kibodi ya gemu ili upige muziki, ungenunua tu kinanda.

Halafu kuna kuchelewa. Kompyuta haitoi sauti papo hapo, hukusanya vipande kwanza kwenye bafa. Kwa sauti ya vipande 44,100 kwa sekunde, bafa ya vipande 1,024 huchukua kama milisekunde 23. Kwenye wimbo wa polepole hutajali. Singeli haina polepole. Kwa mwendo wa mapigo 240 kwa dakika, robo ya pigo moja ni milisekunde 62 na nusu, hivyo bafa peke yake imeshakula zaidi ya theluthi ya nafasi hiyo, na hapo muda wa kibodi yenyewe kusomwa haujahesabiwa. Mtu akikwambia hana mkono wa kupiga, muulize kwanza bafa yake. Ukiishusha hadi 256 unabaki na kama milisekunde 6, ingawa mashine iliyochoka itaanza kukwaruza.

Wenye kinanda wasishangilie bado. Hoja yao wanayoirudia sana, kwamba vitufe ni vichache, ndiyo dhaifu kuliko zote. Ilimba, marimba ya mkononi ya Wagogo, hupigwa kwa vidole gumba viwili, na hakuna anayeiita mchezo. Isitoshe, mambo yote niliyoyalalamikia yanamhusu anayepiga kwa wakati halisi. Mwaka 1987 Karsten Obarski alitoa Ultimate Soundtracker, programu ya kupangia muziki, kwa kompyuta za Amiga, zilizokuwa na njia 4 tu za sauti. Kwenye programu za ukoo huo unaingiza noti kwa herufi, mstari kwa mstari, kisha unaiamuru mashine icheze. Nguvu ya kidole huihitaji, na ucheleweshaji haukuhusu. Kijana anayepanga besi kwa mtindo huo hapungukiwi kitu na mwenye kinanda, na huenda akamaliza kabla yake.

Lakini kesi nzuri kuliko zote ni ya zamani zaidi, na haikuanzia kwenye herufi. Mwaka 1986 Laurie Spiegel, mtunzi Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika maabara za Bell, alitoa programu iitwayo Music Mouse. Hakujaribu kukifanya kipanya kiwe piano. Alitazama kinachowezekana kwa kipanya, yaani kuteleza huku na huko, juu na chini, akaufanya mwendo huo uwe muziki. Mkono unasogea, programu inachagua noti kutoka kwenye mizani, yaani ngazi ya noti, uliyoiteua, iwe ya noti tano, ya Mashariki ya Kati au nyingine. Herufi nazo akazipa kazi ya ukubwa wa sauti, mwendo na namna noti zinavyotamkwa.

Mpinzani ana swali la haki hapa: kama programu hainiruhusu kukosea noti, nani anapiga, mimi au yeye? Swali hilo lingeulizwa gitaa pia. Vile vyuma vya shingoni mwake vinamzuia mpigaji asiangukie katikati ya noti mbili, na hatusemi gitaa linajipiga. Tofauti ni kiasi cha kuzuiwa, na Music Mouse inazuia sana. Ukiicheza saa nzima utaanza kuihisi mipaka yake.

Taarab ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi gharama ya kung'ang'ania piano. Makamu za Kiarabu, yaani mizani za muziki wao, zina sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Herufi haina sauti yake ya kuzaliwa, hivyo programu inaweza kuipa robo toni bila taabu, jambo ambalo piano ya mbao haiwezi. Ila fidla haifiki noti kwa kuruka, inateleza, na kitufe cha kuwaka na kuzima hakitelezi hata ukibembeleze vipi. Kipanya kinateleza. Na ukiitazama kazi aliyoigawa Spiegel, mkono mmoja kwenye kipanya unatafuta noti, mwingine kwenye herufi unaamua sauti iwe kubwa au ndogo. Mpiga fidla hufanya hivyohivyo, vidole vya kushoto kwenye nyuzi na uta mkononi kulia. Mikono tu ndiyo imebadilishana.