Dodgers mabingwa tena: je, mishahara ya besiboli iwekewe ukomo?

Tarehe 17 Oktoba 2025, Los Angeles Dodgers walipomaliza kazi dhidi ya Milwaukee Brewers na kukata tiketi ya World Series, fainali ya ubingwa wa besiboli ya Marekani, kocha wao Dave Roberts alishika kipaza sauti mbele ya mashabiki wa nyumbani. Watu wanasema Dodgers wanaiharibu besiboli, alisema. Basi tushinde mechi nne zaidi tuiharibu kwelikweli. Uwanja mzima ukapiga kelele. Mechi hizo nne zilipatikana dhidi ya Toronto Blue Jays, na Dodgers wakawa timu ya kwanza kutetea ubingwa tangu New York Yankees walipotwaa matatu mfululizo kati ya 1998 na 2000.

Kauli ya Roberts ilichukuliwa kama utani wa sherehe, lakini shutuma aliyokuwa akiijibu ni nzito, na mwaka huu itaamua mambo mengi. Mkataba wa pamoja kati ya wamiliki wa timu na chama cha wachezaji unakwisha tarehe 1 Desemba 2026. Wamiliki wengi wanataka mishahara iwekewe ukomo, kama ilivyo katika mpira wa kikapu na hoki ya barafu ya Marekani. Wachezaji wamekataa jambo hilo kwa zaidi ya miaka 30. Ubingwa wa pili mfululizo wa Dodgers umegeuzwa ushahidi na pande zote mbili.

Tuanze na wanaolalamika, kwa sababu malalamiko yao yana msingi. Nyota wa Kijapani Shohei Ohtani alisajiliwa na Dodgers Desemba 2023 kwa dola milioni 700 kwa miaka 10, na milioni 680 kati ya hizo atalipwa baada ya mkataba kwisha, kuanzia 2034. Kwa mpango huo, kodi inayotozwa timu zinazotumia kupita kiwango inamhesabu Ohtani kwa takriban milioni 46 kwa mwaka, si 70. Wiki chache baadaye akaja mrushaji wa Kijapani Yoshinobu Yamamoto kwa milioni 325, akiwa hajarusha hata mpira mmoja katika ligi ya Marekani. Kisha mrushaji Blake Snell, milioni 182. Mwaka 2024 Dodgers walilipa kodi ya zaidi ya dola milioni 100, na bado wakaendelea kununua. Kuna timu katika ligi hiyohiyo ambazo mishahara ya kikosi kizima haifiki kiasi hicho cha kodi.

Shabiki wa Milwaukee ana haki ya kuuliza timu yake ifanye nini zaidi. Brewers walimaliza msimu wa kawaida wa 2025 wakiongoza timu zote 30: ushindi 97, vipigo 65. Walicheza na Dodgers mara sita msimu huo na kushinda zote sita. Ilipofika fainali ya ligi yao, moja ya zile mbili ambazo washindi wake hukutana World Series, walipigwa mechi nne kwa sifuri, wakipata mkimbio mmoja tu, yaani pointi moja, katika kila mechi. Katika mechi ya nne Ohtani alisimama kama mrushaji kwa ngwe sita, yaani vipindi sita vya mchezo, bila kuruhusu mkimbio, akawatoa wapigaji 10 kwa straiki, kisha akashika gongo na kupiga homurani tatu, yaani mipira mitatu iliyovuka uzio wa uwanja. Sijui mchezaji mwingine aliyewahi kufanya kitu kama hicho katika mechi moja. Milwaukee haikukosea popote katika kuijenga timu yake. Ilikutana tu na mtu ambaye isingeweza kumlipa.

Hata hivyo, anayesema fedha ndizo zilizoshinda ubingwa lazima aitazame mechi ya saba kule Toronto, usiku wa tarehe 1 Novemba. Blue Jays waliongoza 3-0 mapema, baada ya Bo Bichette kumpiga Ohtani huyohuyo homurani iliyorudisha watu watatu. Ngwe ya tisa, ya mwisho kwa kawaida, ilianza Toronto wakiwa mbele 4-3. Dodgers walikuwa wamebakiza wapigaji wawili tu wa kutolewa kabla ya msimu kwisha, na aliyekuwa na gongo ni Miguel Rojas, mlinzi wa miaka 36 anayejulikana kwa mikono yake ya kudaka kuliko kupiga. Akaupeleka mpira wa mrushaji wa Toronto, Jeff Hoffman, nje ya uzio wa kushoto. Ikawa 4-4.

Kisha Toronto wakajaza besi zote tatu, yaani vituo vya kupitia kabla ya kufika besi ya nyumbani ambako mkimbio hupatikana, wakiwa na mpigaji mmoja tu aliyetolewa. Mkimbio mmoja na wao ni mabingwa. Mpira ukamjia Rojas chini, akayumba, akajizuia asianguke, akaurusha kwenye besi ya nyumbani. Marudio ya video yalionyesha mguu wa mdakaji wa Dodgers, Will Smith, ukigusa besi ya nyumbani kabla tu ya Isiah Kiner-Falefa wa Toronto kufika, kwa hiyo mkimbio haukupatikana. Mpigaji aliyefuata aliupeleka mpira mbali hadi karibu na ukuta. Andy Pages, aliyekuwa ameingizwa muda mfupi tu kabla, akamgonga mwenzake Kiké Hernández wakati wote wawili wakiufuata, na akaudaka, ngwe ikaisha 4-4. Ngwe ya 11 Smith akapiga homurani ya ubingwa, 5-4. Katika mechi zote saba Toronto walipata mikimbio 34 na Dodgers 26. Waliofungwa ndio waliopata mikimbio mingi zaidi.

Ni kweli pia kwamba aliyeufunga mlango usiku ule ni Yamamoto wa milioni 325. Alikuwa amerusha mipira 96 usiku uliotangulia katika mechi ya sita, akaingia tena bila mapumziko na kumalizia mechi ya saba, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali ikawa yake. Lakini miguu na mabega ya mtu huyo siku ile sioni mhasibu wa kuweza kuyapangia bei. Na tusisahau kwamba Blue Jays nao si maskini: Aprili 2025 walimpa Vladimir Guerrero Mdogo dola milioni 500. Hiyo haikuwa vita ya tajiri na fukara.

Wachezaji wanaopinga ukomo wana ushahidi wao, na una nguvu. Kuanzia 2001 hadi 2025, World Series imechukuliwa na timu 16 tofauti. Katika miaka 25! Tazama ligi kubwa za soka za Ulaya halafu useme ni ipi inayoweza kujivunia hesabu hiyo. New York Mets walimpa Juan Soto dola milioni 765 kwa miaka 15, mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya mchezo huu, na mwaka wake wa kwanza wakaikosa hata hatua ya mtoano siku ya mwisho ya msimu. Na mrushaji kijana wa Kijapani Roki Sasaki je? Kwa sababu ya umri wake, kanuni za usajili wa vijana kutoka nje zilimbana, na malipo yake ya kusaini yalikuwa dola milioni 6.5 tu. Fedha hiyo ilikuwa ndani ya uwezo wa timu nyingi. Akachagua Dodgers. Ukomo wa mishahara usingebadilisha uamuzi huo, kwa sababu kilichomvuta pengine ni timu inayojua kuwakuza warushaji na yenye Wajapani wenzake wawili, Ohtani na Yamamoto.

Mkono huohuo wa Dodgers umefika hadi Uganda, ambako mwaka 2022 waliwasaini vijana wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Kwa sisi wa Afrika Mashariki hilo si jambo dogo. Klabu inayotafuta vipaji mahali ambapo wengine hawatazami haistahili kuitwa mharibifu bila maelezo zaidi.

Kwa upande wangu, kidonda kikubwa zaidi cha besiboli nakiona Pittsburgh, si Los Angeles. Paul Skenes wa Pirates alichaguliwa mrushaji bora wa ligi yake mwaka 2025, akiruhusu wastani wa mikimbio 1.97 kwa kila ngwe tisa. Rekodi yake binafsi: ushindi 10, vipigo 10. Alikuwa akiwazuia wapinzani usiku baada ya usiku, na nyuma yake mara kadhaa timu haikuweza kumpatia hata mikimbio miwili. Mshahara wake haukufika dola milioni moja, kwa kuwa wachezaji wachanga hulipwa karibu na kima cha chini kwa miaka yao mitatu ya mwanzo. Pirates hawajacheza hatua ya mtoano tangu 2015, na ubingwa wao wa mwisho ni wa 1979. Timu za aina hiyo hupokea mgao kutoka kwa timu tajiri kila mwaka, na mwaka 2018 chama cha wachezaji kiliwasilisha malalamiko rasmi kwamba Pirates na wengine watatu hawakuutumia mgao huo kuimarisha vikosi. Ukiweka ukomo juu bila sakafu chini, mmiliki wa namna hiyo atabaki na fedha zaidi mfukoni, na Skenes ataendelea kurusha peke yake.

Kwa hiyo ukomo peke yake naupinga. Ukomo unaoambatana na sakafu ya kweli, yaani kila timu ilazimike kutumia kiasi fulani kwa wachezaji, na mishahara bora kwa wachanga, huo naweza kuusikiliza. Wachezaji nao wanapaswa kukubali kwamba malipo ya kucheleweshwa kama ya Ohtani yanawanufaisha wachache wenye matangazo ya biashara ya kuwalisha kwa sasa, na kuyadhibiti hakutamuumiza mchezaji wa kawaida.

Gharama ya kukosa kuelewana inajulikana. Mgomo wa Agosti 1994, uliotokana na suala hilihili la ukomo, uliifuta World Series ya mwaka ule wakati Montreal Expos, timu ya bajeti ndogo, wakiwa na rekodi bora kuliko zote: ushindi 74, vipigo 40. Miaka 10 baadaye mji huo haukuwa tena na timu, ilihamishiwa Washington. Ligi ya hoki nayo ilipoteza msimu mzima wa 2004-05 mpaka ukomo ukapatikana. Na mara ya mwisho wamiliki wa besiboli walipowafungia wachezaji milango, kuanzia Desemba 2021, zilipita siku 99.

Kinachoitenganisha Los Angeles na Pittsburgh kwa kweli ni televisheni. Mikataba ya matangazo ya kitaifa hugawanywa sawa kwa timu zote 30, lakini ile ya kila mji hubaki kwa sehemu kubwa na timu yenyewe, na wa Dodgers, uliosainiwa 2013 kwa miaka 25, ulitajwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 8. Kamishna Rob Manfred anataka haki zote za matangazo ziuzwe kwa pamoja mikataba ya kitaifa itakapokwisha 2028. Ni wazo zuri, na pengine lingeleta usawa kuliko ukomo wowote. Ila mkataba wa Dodgers una miaka 10 zaidi baada ya hapo, na kabla ya kuwaendea wachezaji wakiwadai wakubali ukomo, wamiliki 29 waliobaki itabidi kwanza wakubaliane na mwenzao mmoja.