Ndama wa Shangazi

Mombasa na vitabu vya zamani haviivi chungu kimoja. Joto, chumvi ya bahari, unyevu, halafu kuna vile vidudu vinavyotoboa karatasi kimya kimya mpaka siku unafungua kitabu unamwagikiwa na unga. Na mimi ndo nimejichagulia kukusanya vitabu vikuukuu vya uchumi na mabenki, mamangu husema nina kabati zima la mambo ya pesa ila pesa yenyewe sina.

Vile vikubwa vikubwa sivioti hata ndoto. Adam Smith wa 1776, The Wealth of Nations chapa ya kwanza, juzuu mbili, ilipotoka iliuzwa pauni 1 na shilingi 16, leo ukiiona nzima we anza kwanza kuuza nyumba ya Nyali. Das Kapital ya Marx, Hamburg 1867, zilichapwa nakala 1,000 tu. Sisi wa hali ya chini twaokota yanayodondoka, na lililonidondokea mimi ni Lombard Street ya Mwingereza Walter Bagehot, kitabu cha mabenki ya London, seremala mmoja wa Kibokoni alikuwa ameiweka chini ya mguu wa meza. Si chapa ya kwanza ya 1873, ni ya baadaye, lakini ya karne ileile ya 19 na kuna mtu aliifunga upya kwa ngozi ya ndama, nzuri wallahi. Ila tundu limeingia jaladani likaenda kutokea huko karibu na ukurasa wa mia.

Dawa ya vidudu ni baridi kali. Unakifunga kitabu kwa nailoni kisiingie maji, unakitia kwenye friza wiki mbili tatu, wadudu na mayai yao wote wanakufa. Tena ukikitoa usikifungue papo hapo, ngoja kwanza ubaridi wake uishe, la sivyo jasho lote linaingia kwenye karatasi. Friza sina. Shangazi anayo.

Sasa friza ya shangazi muielewe. Jengo zima linaweka humo, na hiyo ilikuwa baada ya Idd Kubwa, kila mtu ana fungu lake la nyama, yote yamefungwa kwa karatasi ya nailoni ya mkate, juu gazeti, juu uzi. Majina hayaandikwi, shangazi anajua kwa kushika. Nami kitabu nilikifunga vivyo hivyo maana nailoni yenyewe alinipa yeye. Nikamwambia, "Shangazi, hiki usikiguse, jalada lake ni ngozi ya ndama." TV inapiga kelele jikoni. Akaitikia, "Ndama, haya, weka."

Mama wa mahamri wa ghorofa ya juu akaja kuchukua nyama yake. Shangazi akapapasa, akashika kitu kigumu kina pembe, akampa. Yule mama haraka zake akatoa gazeti tu, akatia kwenye sufuria ya maji moto na karatasi yake ya mkate, akaenda kukaanga kitunguu. Karudi, maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi. Akashuka ngazi nacho, kashika kwa kijiti cha mwiko, maji yanadondoka, "Bi mkubwa, ng'ombe wangu ana maandishi!"

Hapo ndo balaa. Ghorofa ya pili ilisikia nyama imechanganyika na vitabu. Ya chini ikasikia shangazi ameuza nyama za watu hotelini akajaza makaratasi. Kufika kwa watu wa tuktuk barabarani, ni uchawi. Kabla adhuhuri ngazi imejaa, kila mtu na sufuria, kila mtu ataka fungu lake leo hii.

Na kumbe shangazi alikuwa akikopesha nyama za watu! Mgeni akija kwa huyu, anachota kilo kwa yule, atarudisha ndugu yake akileta kutoka Kwale. Kwa siku za kawaida hakuna anayejua, maana hawaji wote siku moja. Nikasimama pale mlangoni nacheka peke yangu, maana kitabu kile kile kilichokuwa kinadondoka maji ndo habari yake! Mei 10, 1866, kampuni ya fedha ya Overend, Gurney ya London ilifunga malipo ikiwa na deni la kama pauni milioni 11, kesho yake watu wakafurika Lombard Street, mtaa wa mabenki, kutaka pesa zao. Bagehot akasema watu wakiingiwa na hofu, benki kuu isibane mkono, ikopeshe kwa wingi, ila kwa dhamana nzuri na riba ya juu.

Nikamweleza shangazi. "Riba? Ndani ya nyumba yangu? Astaghfirullah, toka hapo mlangoni!"

Lakini ile ya kutobana mkono aliishika. Akafungua friza wazi kila mtu aone, wa kwanza wakapewa mafungu kamili, hata nguru wake mwenyewe alimkata vipande akagawa huku anacheka kwa sauti kubwa. Wa nyuma kuona hivyo wengine wakarudi zao, eti tutakuja jioni, hakuna haraka. Upungufu wa waliobaki ukaangukia wapi? Nikatumwa Markiti kununua kilo kadhaa, kwa pesa niliyokuwa nimeificha ya kununulia kitabu kingine.

Usiku nikamuuliza, shangazi, pesa yangu je? Atalipa, ndugu yake yuaja. Haya, dhamana basi, kitabu kinasema dhamana nzuri. Akaingia jikoni, akatoka na Bagehot wangu kavimba mara mbili, ananuka tangawizi, akanitupia mapajani.

"Shika ndama wako. Yule mama asema hakuiva."