Nani atanunua maziwa ya jioni?

Nikisikia mahali popote kwamba serikali imegawa ng'ombe wa maziwa, waziri kasimama jukwaani, mtamba kavishwa shada la maua, swali langu huwa moja tu. Maziwa ya jioni atayanunua nani? Ya asubuhi yana wenyewe: kuna mama wa chai, kuna hoteli ya stendi, kuna kijana wa pikipiki anayepita na madumu. Ya jioni ndiyo yanayolala kwenye sufuria, na kukicha yameshaganda. Aliyefuga anajua. Nyumbani kwetu tulikunywa mtindi mpaka tukauchukia, na jirani aliyekuja kuomba maziwa usiku tulimwona mkombozi.

Kwa sababu ya swali hilo nimekuwa nikisoma habari za India kwa miaka mingi. India inaongoza duniani kwa maziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2023-24 ilitoa tani milioni 239, karibu robo ya maziwa yote ya dunia, na wengi wa wanaoyatoa hawana hata ranchi ya kuonyesha. Ni mama mwenye ng'ombe wawili, au nyati wa kufugwa mmoja na ndama wake, wamefungwa uani, wanakula mabua ya mpunga na majani ya kingo za shamba. Watu husema siri ni serikali kuwasaidia wafugaji. Ni kweli, ila inategemea msaada upi. Huo uliofaa na ule uliofuja fedha yote ilitoka serikalini, tena mara nyingine katika miaka hiyohiyo.

Tuanzie Gujarat, wilaya ya Kaira, ambayo leo inaitwa Kheda. Wengi wetu tunalijua eneo hili bila kujua kwamba tunalijua. Akina Patel wengi wa madukani Kampala, Nairobi na Dar es Salaam asili yao ni Charotar, tambarare hiyohiyo. Wapo waliopanda meli kuja huku, wapo ndugu zao waliobaki wakikamua nyati. Waliobaki walikuwa na shida moja: serikali ya Bombay ya wakati wa Waingereza ilitaka maziwa kwa ajili ya jiji, ikaipa kampuni moja binafsi, Polson, haki ya kuyanunua Kaira. Bei ilipangwa na mnunuzi na madalali wake. Wakulima wakaenda kwa Vallabhbhai Patel, mwanasiasa mkubwa na mtoto wa nyumbani. Ushauri wake ulikuwa mfupi: undeni ushirika wenu, na wakiwakatalia, msiuze hata tone. Wakagoma siku 15. Maziwa yakamwagwa, Bombay ikakauka, serikali ikasalimu amri. Tarehe 14 Desemba 1946 chama kikuu cha wilaya kikasajiliwa chini ya Tribhuvandas Patel. Kilipoanza kupeleka maziwa Bombay mwaka 1948 kilikuwa na vyama vya msingi viwili na lita kama 250 kwa siku. Ndicho hicho dunia inachokijua leo kwa jina la Amul.

Sasa angalia chama cha msingi kinavyofanya kazi, maana hapo ndipo penye utamu wenyewe. Asubuhi watu wanapanga foleni na vyombo vyao vya chuma, na jioni wanapanga tena. Maziwa yanapimwa ujazo, kidogo kinachotwa ili kupima mafuta, bei inatoka kwa mujibu wa mafuta hayo, inaandikwa kwenye kitabu cha mwanachama. Mwenye lita moja anapimwa kama mwenye lita 40. Ukitia maji, kipimo kinakuumbua mbele ya majirani, na fedheha hiyo inafanya kazi kuliko faini. Gari linaondoka na maziwa. Huduma za chama zinakuja kwa njia ileile: chakula cha mifugo, mbegu za uhimilishaji, daktari wa mifugo. Ile jioni yangu ya mtindi hapa haipo.

Kulikuwa na tatizo la majira pia. Nyati hutoa maziwa mengi wakati wa baridi na machache wakati wa joto, na wanunuzi wa mjini wanataka kiasi kilekile mwaka mzima. Wataalamu wa nje walisema maziwa ya nyati hayawezi kufanywa unga kwa sababu ya wingi wa mafuta yake. H. M. Dalaya, fundi wa ushirika huo, akaonyesha kwamba yanaweza, na kiwanda kikafunguliwa Anand, mji wa wilaya hiyohiyo, mwaka 1955. Kuanzia hapo maziwa ya ziada ya Januari hayakuwa hasara tena. Ningependa siku moja mtu aandike zaidi habari za Dalaya. Sifa nyingi zilimwendea bosi wake, Verghese Kurien, ambaye mwenyewe alifika Anand mwaka 1949 bila kupenda, akilipa deni la ufadhili wa masomo ya Marekani.

Mwaka 1964 Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri alikwenda kuona jambo hili, akalala kijijini, akazungumza na watu usiku. Mwaka uliofuata ikaundwa Bodi ya Taifa ya Maendeleo ya Maziwa, na Kurien akashikilia makao yake yawe Anand, si Delhi. Wenye kujua ofisi za serikali wataelewa uzito wa sharti hilo.

Halafu ukaja mpango wa bodi hiyo ulioitwa Operation Flood, 1970 hadi 1996. Ulaya ilikuwa na milima ya unga wa maziwa na mafuta ya siagi isiyojua pa kuipeleka, ikataka kuitoa msaada. Huko kwingine msaada wa namna hiyo huua soko la mkulima: maziwa ya bure yakiingia mjini, ya kijijini yanakosa thamani. Wahindi wakaukubali, lakini hawakuugawa bure. Waliuchanganya, wakauuza kwa bei ya soko katika miji mikubwa minne, Delhi, Bombay, Calcutta na Madras, na fedha zilizopatikana wakajengea viwanda, magari ya kubebea maziwa na vyama vya msingi vijijini. Mpango ulipofungwa vyama hivyo vilikuwa vimepita elfu 70. Wapo waliolaumu kwamba India ilijitia utegemezini kwa unga wa Ulaya, na lawama hizo hazikuwa za kupuuzwa wakati ule. Lakini unga uliisha na magari yakaendelea kuja.

Wakati huohuo mkono mwingine wa serikali ulikuwa unagawa ng'ombe.

Mpango wa maendeleo ya vijijini uliofika nchi nzima mwaka 1980 uliwapa maskini mikopo yenye ruzuku ili wanunue mali ya kuwaingizia kipato, na mara nyingi mali hiyo ilikuwa ng'ombe au nyati. Ukisoma tathmini za miaka ile unaona mambo yaleyale yakijirudia. Bei ya ng'ombe ilipanda kwa kuwa kila mtu alijua kuna ruzuku. Mnyama mmoja aliweza kuonyeshwa kwa ofisa zaidi ya mara moja. Malisho hayakuwepo. Wengi baada ya muda hawakuwa na mnyama tena. Walibaki na deni.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Komna, jimbo la Odisha, mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakubwa waliamua kuwapa watu wa huko ng'ombe chotara kwa uhimilishaji wa mbegu za Jersey. Ili mbegu hizo zisichanganyike na damu ya kienyeji, madume ya Khariar ya eneo hilo yakahasiwa. Mamia kwa mamia ya wanyama, miti ya malisho ikapandwa, mamilioni yakatumika. Baada ya miaka miwili walikuwa wamezaliwa ndama wanane. Na mbegu ya Khariar ambayo wazee waliilea kwa vizazi, inayovumilia jua na njaa, ikawa imetoweka pale. Nimekisoma kisa hiki zaidi ya mara moja na bado sielewi ni nani aliyetia saini ile ya kuhasi.

Kingine ni cha Vidarbha, mashariki ya Maharashtra, nchi ya pamba. Wakulima walikuwa wakijiua kwa madeni, na mwaka 2006 serikali kuu ikatangaza mpango wa kuwaokoa. Ndani yake kulikuwa na ng'ombe wa kisasa kwa ruzuku ya nusu bei. Waandishi wa habari waliowafuata baadaye walikutana na watu waliochoka: ng'ombe anakula kwa siku fedha zinazozidi za chakula cha familia nzima, maziwa hayana mnunuzi, na mkulima wa pamba hajawahi kufuga mnyama wa aina hiyo. Wengine waliwauza, wengine waliwapa ndugu. Ilichukua miaka kama kumi ndipo bodi ileile ya Anand ilipoanza kukusanya maziwa kwa utaratibu katika vijiji vya Vidarbha. Yaani ng'ombe alitangulia, mnunuzi akafuata baada ya muongo mzima.

Ndiyo maana mimi naona ruzuku ya kununua ng'ombe ni msaada unaompendeza zaidi mpiga picha. Ikiwa lazima fedha ziende mfukoni mwa mfugaji, njia ya Karnataka ina akili zaidi: jimbo linaongeza rupia tano kwa kila lita inayofikishwa kwenye ushirika, zinaingia benki moja kwa moja. Huwezi kuipata kwa kuonyesha ng'ombe wa jirani, lazima ukamue. Kasoro yake ni kwamba inamfikia tu aliye karibu na chama cha msingi. Uttar Pradesh ndilo jimbo linaloongoza kwa maziwa nchini, na huko sehemu kubwa bado inapita mikononi mwa wachuuzi, ambao wanamlipa mfugaji kadiri wanavyoona. Na hata palipo na vyama, mambo si shwari daima. Julai 2018 wafugaji wa Maharashtra walimwaga maziwa barabarani kwa sababu unga ulijaa maghalani na bei ikaanguka, mpaka serikali ikakubali walipwe angalau rupia 25 kwa lita. Vyama vikuu vingi vinaongozwa na wanasiasa, na kiti cha mwenyekiti hugombaniwa kama kiti cha ubunge.

Chanjo sina neno nayo. Mwaka 2019 serikali kuu ilitenga rupia bilioni 133 kwa miaka mitano kupambana na ugonjwa wa miguu na midomo pamoja na ule wa kutupa mimba, bure kwa mfugaji, na mnyama anavishwa hereni yenye namba ya tarakimu 12. Hiyo ni kazi ya serikali kabisa. Hakuna mwenye nyati mmoja atakayetokomeza ugonjwa peke yake. Mwaka 2022 ugonjwa wa mapele ya ngozi ulipoua ng'ombe zaidi ya laki moja, Rajasthan ikiumia kuliko kwingine, kila mtu aliona gharama ya kuchelewa.

Lakini kuna jambo ambalo halimo kwenye bajeti yoyote ya mifugo, nalo linamgusa mfugaji kuliko ruzuku zote. Ng'ombe huzeeka. Ndama wa kiume huzaliwa, na trekta limekwisha kumnyang'anya maksai kazi. Zamani mfugaji alimuuza ng'ombe aliyekauka, hakuuliza anakwenda wapi, akaongezea fedha kidogo akanunua mtamba. Ile bei ya ng'ombe mzee ndiyo ilikuwa akiba yake. Sheria za kuzuia uchinjaji wa ng'ombe zipo katika majimbo mengi kwa miongo mingi, ila kuanzia mwaka 2015 hivi zilikazwa, Maharashtra ikiwaingiza hata madume na maksai, na njiani magari ya mifugo yakaanza kuvamiwa na makundi ya watu waliojipa kazi ya ulinzi. Wanunuzi wakatoweka. Ng'ombe wazee wakafunguliwa kamba usiku.

Sensa ya 2019 ilihesabu ng'ombe milioni tano wasio na mwenyewe. Kule Uttar Pradesh wakulima wanalala kwenye vichanja katikati ya ngano, tochi mkononi, wakifukuza ng'ombe ambao pengine ni wao wenyewe waliowaacha kijiji cha pili. Majira ya baridi ya 2018 watu wa Aligarh na Agra waliwafungia ng'ombe hao ndani ya shule za serikali, watoto wakakosa pa kusomea. Jimbo likaanzisha ushuru wa kuhudumia ng'ombe na kuzilipa hifadhi wanakotunzwa rupia 30 kwa siku kwa kila mnyama, baadaye zikapandishwa hadi 50. Kiasi hicho hakilishi ng'ombe, kinamchelewesha kufa.

Mimi si Mhindu na sitaki kumfundisha mtu heshima ya kumpa ng'ombe. Anayemchukulia kama mama ana haki hiyo. Lakini kama taifa limeamua kwamba ng'ombe hauzwi kwa mchinjaji, basi taifa lilipe malisho ya uzee wake kwa ukamilifu, lisimwachie bili mama mwenye ng'ombe wawili. Kwa sasa serikali inahimiza mbegu zilizochambuliwa jinsia ili wazaliwe ndama jike karibu watupu. Ni teknolojia nzuri. Inapunguza madume, lakini jike naye siku moja atakauka.

Linganisha takwimu za sensa ya 2012 na ya 2019. Maharashtra, sheria kali, ng'ombe walipungua kwa asilimia 10. Uttar Pradesh walipungua karibu asilimia 4. Bengal Magharibi, ambako marufuku ya namna hiyo haipo, waliongezeka asilimia 15, na jimbo hilo likaipita Uttar Pradesh kwa idadi ya ng'ombe. Ukame nao ulichangia hapa na pale, siwezi kusema ni sheria peke yake.

Nyati hana shida hiyo. Majimbo mengi sheria haimgusi, akizeeka anauzwa, na nyama yake inaiweka India miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani. Maziwa yake yana mafuta karibu mara mbili ya ya ng'ombe, na kwenye chama cha msingi mafuta ndiyo bei. Ndiyo sababu katika vijiji vya Haryana na magharibi ya Uttar Pradesh, kwenye kamba iliyokuwa ya ng'ombe, mara nyingi sasa utamkuta nyati wa aina ya Murrah, mweusi, pembe zimejikunja, akisubiri kukamuliwa ya jioni.