Sinema ya Bure, Steringi Kafa

Jamani, kitu cha bure hapa Mwanza kina gharama! Gari la matangazo limetupigia kelele wiki nzima, Kirumba mpaka Mabatini: tamasha la filamu linalozunguka mikoani limefika, kiingilio bure, Viwanja vya Furahisha, saa kumi na moja jioni.

Saa kumi na moja! Jua la huku saa hizo bado linachoma kisogo, giza mpaka saa moja. Sinema utaonyeshea wapi, juani? Nikajua tu hapo katikati pamechomekwa hotuba. Na kweli. Mgeni rasmi mwenyewe hakufika, akaja mwakilishi wake, akatusomea karatasi yote bila kuruka mstari, pamoja na ile "nimefurahi kufika mimi mwenyewe." Kukaa kwenye kiti cha plastiki, buku. Bure ilikuwa kusimama.

Skrini ni ile ya kujazwa upepo, kama waliyokuwa wakitembeza Wanyarwanda vilimani na Hillywood, tamasha lao la filamu. Ikisimama, inapendeza. Ila feni lazima liipulize muda wote, feni linategemea jenereta, jenereta linategemea dizeli, na dizeli ilimtegemea kijana mmoja aliyekuwa amezama kwenye mishikaki.

Filamu ikaanza. Kifaransa! Maandishi ya chini, Kiingereza. Sasa mimi niliyekulia kibanda umiza, enzi za Lufufu mtafsiri wa filamu, nikakaze macho kusoma gizani? Kibandani mtafsiri anakupa mpaka mawazo ya adui. Hapa mzee amekaa kitandani anatazama dirisha, robo saa nzima, hapigwi, hakimbizwi. Wale wa viti vya mbele wanatikisa vichwa eti wameelewa.

Bahati nzuri nyuma yangu alikuwepo konda wa daladala. Kifaransa hajui, Kiingereza hajui, akaanza kutafsiri. "Mzee anamwambia mwanae, lile shamba la Sengerema nimeshauza, usinitafute." Watu tukahamia kwake na viti vyetu. Akaja dada mwenye kitambulisho shingoni kutunyamazisha, akanyamazishwa yeye.

Patamu kabisa, mzee anakohoa, mwanae anaingia mlangoni, jenereta likakata. Skrini ikaanza kuinama taratibu, ikajikunja kiunoni, ikawalalia wa mbele wote na tai zao. Konda akapiga ukelele: "Kafaaa!" Uwanja mzima makofi. Mimi mwenyewe nilipiga, nilidhani ndiyo ufundi wa sinema za tamasha.

Daladala za Buhongwa zimeshalala, bodaboda wameona umati, bei juu. Nafika nyumbani Mama Neema yuko mlangoni.

"Filamu imeishaje?"

"Steringi kafa."

"Steringi hafi! Baba Neema, nakuuliza kwa upole, ulikuwa wapi?"