Karatasi ya kuzuia makovu tumboni: inasaidia kweli au tunajipa moyo tu?

Kovu la operesheni watu wanaliangalia kwa nje kumbe shughuli yenyewe iko ndani. Tumbo likishafunguliwa, ule utando laini unaofunika utumbo unakwaruzika, majimaji yanaganda pale kama gundi, na mwili usipoiyeyusha ndani ya siku chache inageuka nyuzi ngumu zinazoshikanisha utumbo na ukuta wa tumbo, au utumbo kwa utumbo. Ndo adhesheni hizo. Wengi wanaishi nazo bila kujua, ila kuna ambao utumbo unaziba, na kuna wanawake wanaohangaika kupata mimba sababu mirija imevutwa ikakunjamana.

Sasa kuna vitu vya kuzuia. Kuna Seprafilm, karatasi nyembamba inayotandazwa kabla ya kushona, inageuka jeli, inakaa karibu wiki halafu mwili unaifyonza, na muda huo ndo utando unapona. Ni sumbufu hiyo, ikigusa glovu yenye unyevu inanata, ukiikunja inavunjika. Kuna pia Adept, maji yanayoachwa tumboni ili viungo vielee visigusane.

Wanaozitetea wana hoja. Utafiti uliotoka 2006 wa wagonjwa 1,791 waliokatwa utumbo ulionyesha waliorudi kufanyiwa operesheni sababu ya adhesheni ni asilimia 1.8 kwa waliowekewa karatasi, na 3.4 kwa ambao hawakuwekewa. Imepungua karibu nusu! Lakini subiri kwanza, hiyo nusu ni kama watu wawili tu katika kila 100, na ukihesabu kuziba kwa utumbo kwa ujumla, makundi yote mawili yalikuwa sawa tu. Halafu karatasi ikizungushwa palepale utumbo ulipoungwa, kuvuja kwa utumbo kwenye hilo ungio kunaongezeka, na kuvuja ni balaa kubwa kuliko adhesheni yenyewe.

Mimi naona tunaanzia mwisho. Mkono wa daktari ndo kinga ya kwanza, yaani kushika utumbo taratibu, kutoacha damu, kutouacha utumbo ukauke kwenye joto la taa, na kufanya operesheni kwa matundu madogo badala ya kufungua tumbo zima pale inapowezekana. Hata unga wa kwenye glovu ulikuwa unachochea makovu haya, Marekani wakazipiga marufuku glovu za unga mwishoni mwa 2016. Hayo hayana hasara kwa mgonjwa. (Na kutembea mapema ni kuzuri, damu haigandi miguuni, ila usidhani matembezi yatazuia adhesheni.)

Kwa hiyo siwezi kusema karatasi ni utapeli. Kwa operesheni ndogo ya matundu naona haina haja, ila mtu anayefunguliwa tumbo zima na tayari inajulikana atafunguliwa tena, kwa mfano kurudishiwa utumbo uliotolewa nje, hapo naielewa kabisa, sababu daktari wa mara ya pili ndo atakayekutana na hiyo gundi, na kuibandua utumbo ukatoboka ni dakika moja tu.